Mashine za Baridi na Kiti cha Baba

Siku ile ya mahari, katika ukumbi mdogo wa nyumba za kupanga pale Newburg, Louisville, tulikuwepo hawa: mimi, mkubwa, mdogo wangu anayenifuata, ambaye ndiye alikuwa akiolewa, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado shuleni, bwana harusi na baba yake mdogo aliyekuja kumsemea, shangazi zake wawili waliovaa kitenge cha aina moja, mchungaji wetu, mama jirani aliyepika sombe ya majani ya muhogo na wali tangu asubuhi, injinia niliyekuwa nikifanya naye kazi, ambaye ni dada Mkenya na ndiye aliyetuleta kutoka Columbus kwa gari lake, na mzee mmoja na mke wake, ambao hatukuwa na ukoo nao, wameketi kwenye viti viwili vya mbele vilivyowekwa kwa ajili ya baba yetu na mama yetu. Baba na mama wenyewe walikufa zamani, mmoja nyuma ya mwingine, kabla hatujavuka mpaka kutoka Kongo.

Wote walikuwa na raha isipokuwa injinia na mimi. Sisi wawili tulijua kwamba kazi ya mzee yule, kazi ya kutunza mashine za baridi kwenye kituo cha kompyuta kule Columbus, ilikuwa inakaribia kwisha, na kwamba mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikiimaliza. Yeye hakujua. Alikuwa amevaa suti ya kijivu ambayo upande wa mume ulimletea kama baba wa binti, na kila baada ya muda alinyoosha mikono yake ili wale shangazi waone jinsi ilivyomkaa.

Kwetu msichana hatolewi na mwanamke. Mimi ndiye niliyemlea mdogo wangu. Niliacha shule nikiwa mtoto ili mmoja apate mgongo wa kubebewa na mwingine apate mkono wa kushika. Nilipanga foleni ya unga kwenye kambi ya wakimbizi kwa jina la mama, na miaka mingi baadaye nilijibu maswali ya maofisa waliotuleta Amerika, nikiapa kwamba hawa wawili ni wangu. Lakini watu wa mume wakibisha hodi, anayewaitikia lazima awe mwanamume aliyezaa na kulea. Mimi nilikuwa na haki ya kupika, ya kulia, na ya kupiga vigelegele. Kwenye kile kiti sikuwa na haki. Ndiyo maana yatima kama sisi huazima baba, na baba wa kuazima si mchezo wa siku moja. Akishapokea mahari, ndoa ile inakuwa mzigo wake. Wanandoa wakigombana, mlango watakaougonga ni wake.

Baba mdogo wa bwana harusi alikuwa mtu wa mzaha. Alisimama, akatazama huku na huku kana kwamba amepotea njia, akasema wametoka mbali kutafuta mwenye nyumba, lakini mpaka sasa wamemwona tu mwanamke mwenye simu mbili anayepiga kelele jikoni. Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Watu wakacheka. Mzee wetu hakusimama. Alingoja kicheko kiishe.

"Huyo mwenye simu mbili ni mtoto wangu wa kwanza," akasema. "Kama yeye hamumuogope, mimi mutaniogopa namna gani?"

Wakacheka tena, na wale shangazi wakapiga makofi. Ndipo yule baba mdogo akauliza swali ambalo desturi inamlazimu kuuliza, kwa sauti ya chini na bila mzaha: kama yeye ndiye baba wao kweli, na kama kesho kukiwa na shida, wao watamkuta.

"Mie ndiye baba aliyebaki," mzee akajibu. "Hawa batoto habanifiche kitu, na mie sibafiche. Shida ikikuja, mugonge kwangu."

Injinia alikuwa ameketi nyuma, karibu na meza ya soda, akiwa na sahani mapajani. Alinyanyua macho akanitazama mara moja, halafu akayarudisha kwenye wali. Nitaeleza kwa nini.

Mzee yule nilimjua kanisani, Louisville, tulipokuwa bado wageni tusiojua hata basi la kwenda hospitali. Mke wake alitugawia mablanketi. Yeye alitufundisha namna ya kuwasha jiko la umeme bila kuacha plastiki juu yake, maana wiki ya kwanza nilikuwa nimeyeyusha beseni. Baadaye walihamia Columbus. Mimi nilibaki nikifunga vifurushi kwenye ghala, mpaka siku aliponipigia simu kuniambia kwamba kwenye kituo anachofanya kazi wanatafuta mtu wa usafi, mtu asiyechoka na asiyegusa alichoambiwa asiguse. Aliwaambia anaye mmoja kama huyo, na kwamba ni mtoto wake. Nikahamia Northland, mtaa wa Columbus, na mdogo wetu wa mwisho, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya Barabara ya Morse. Yule wa katikati akabaki Newburg, ambako alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa.

Kituo chenyewe hakina kibao nje. Ukikipita utadhani ni ghala la vigae. Ndani kuna ukumbi mmoja mkubwa uliojaa makabati meusi, safu kwa safu, na ndani ya makabati hayo kompyuta zinazokokotoa mchana na usiku: njia za dhoruba, dawa ambazo bado hazijatengenezwa, mambo ya vyuo vikuu ambayo sikuyaelewa na sikuulizwa kuyaelewa. Kompyuta hizo hutoa joto kama majiko. Kwa hiyo kando ya kuta zilisimama mashine za baridi, ndefu kuliko mtu, zikipuliza hewa ya baridi chini ya sakafu ili ipande kupitia vigae vyenye matundu mbele ya makabati. Kazi ya mzee na wenzake wachache ilikuwa kuzitunza mashine hizo: kubadilisha vichujio na mikanda, kusafisha mifereji ya maji, kusikiliza ipi inakohoa. Siku yangu ya kwanza aliniambia nivae sweta mbili. Mashine zilikuwa zikinguruma hivi kwamba tuliongea kwa kusogeza midomo sikioni.

Injinia alikuja baada yangu. Alikuwa amekuja Amerika kusoma na akabaki. Alipewa kazi moja tu, kupunguza umeme. Bei ya umeme ilikuwa inapanda, na wakubwa walikuwa wanataka kuongeza kompyuta bila kuongeza waya kutoka nje. Mara ya kwanza nilimwona akitembea kati ya makabati ameshika kipande kirefu cha karatasi ya chooni. Nilidhani amechanganyikiwa. Alikileta karibu na tundu la nyaya sakafuni, na karatasi ikaruka juu kama imeshtuka.

"Unaona?" akaniambia. "Hii baridi yote inatokea hapa, inaenda kupoza ukuta. Na tunailipia."

Alinieleza kwa subira. Baridi ilikuwa ikivuja kwenye matundu isikotakiwa, na joto la nyuma ya makabati lilikuwa likizunguka na kurudi mbele kupitia nafasi tupu ambazo hazikuwa na kompyuta. Vilivyopaswa kukaa mbalimbali vilichanganyika, na kwa sababu hiyo mashine nyingi mno zilikuwa zikifanya kazi bure. Dawa yake haikuwa ya ajabu. Ilikuwa kuziba. Kila nafasi tupu kibao cha plastiki, kila tundu la nyaya brashi au sponji, na mwisho wa kila safu pazia zito la plastiki, ili njia ya baridi ibaki ya baridi na njia ya joto ibaki ya joto. Alitaka mtu wa kupiga magoti siku nzima bila kuruka tundu hata moja. Akaniondoa kwenye ufagio.

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa sijawahi kupewa kazi ambayo mwisho wake unaonekana. Nilipita safu baada ya safu na karatasi yangu, na ilipotulia, nilijua pale pamekwisha. Mzee alikuwa akija wakati wa mapumziko yake kunisaidia. Alisema hapendi kuona mtoto wake anatambaa peke yake. Alikuwa na kisu kizuri na jicho la kupima, akanikatia sponji zikaingia bila kulazimishwa. Alinionyesha mashine mbili zilizosimama jirani ambazo, kwa sababu ya ule mchanganyiko wa hewa, moja ilikuwa ikitia unyevu na nyingine ikiutoa, saa zote, kila moja ikidhani mwenzake amekosea. Alizipa jina la wake wenza. Tulipoziba upande ule, zikaacha kugombana, naye akaipiga moja kofi la mgongoni na kusema hatimaye bwana amepata usingizi.

Kwa hiyo alikuwa akikata kwa kisu chake mwenyewe kile kilichokuja kumtoa kazini. Mwanzoni hata mimi sikujua.

Nilijua alasiri moja injinia aliponiita ofisini na kufunga mlango. Hakuzunguka. Alisema kazi ikiisha vizuri, na ilikuwa inaenda vizuri, mashine nyingi za baridi zitazimwa moja kwa moja, na wakubwa wameshaamua kwamba mkataba wa wale wanaozitunza utapunguzwa. Mzee alikuwa miongoni mwa watakaoondoka. Kwangu mimi kulikuwa na nafasi ya kudumu, kwa sababu vibao na mapazia hayo yatahitaji mtu wa kuyaangalia. Alisema ananiambia mapema ili baadaye nisije nikafikiri amenitumia. Lakini maneno yabaki mle ndani. Watunza mashine wakisikia, wataondoka kabla kazi haijaisha, na mashine ikiharibika katikati bila mtu wa kuitengeneza, ukumbi mzima utachemka. Nikaahidi.

Akaniuliza, "Yule mzee ni babako?"

Alikuwa amesikia nikimwita papa, yaani baba. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kueleza mambo ya kiti, na kwamba mdogo wangu ameshachumbiwa. Nikasema hapana, ni mtu wa kanisa letu tu.

Akashusha pumzi. "Basi afadhali," akasema.

Sikusema uongo. Lakini tangu siku ile jibu hilo limekaa nami. Nadhani nilitaka aendelee kuniona kama mfanyakazi wake, si kama mtoto wa mtu anayefukuzwa. Nilitaka nafasi ya kudumu. Tangu utoto sikuwahi kupata kitu ambacho hakikuwa cha muda.

Siku chache baadaye tulikuwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, Barabara ya Morse, mzee, mke wake na mimi, tukinunua vitu vya siku ya mahari. Mama, ndivyo tulivyomwita mke wake, alikuwa anachagua ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, ananusa kila pakiti na kuirudisha. Mzee akanivuta kando, karibu na magunia ya unga. Alisema shemeji yake yuko Tonawanda, karibu na Buffalo, na huko wanatafuta mtu wa stoo kwenye kiwanda, kazi ya mchana, kavu, ya kuhesabu vipuri na kuvipanga. Wanamngoja aseme ndiyo. Hakutaka kuondoka, lakini alikuwa ameona mashine zimeanza kupunguza kelele, na alikuwa akijiuliza.

"Bon, mtoto wangu," akasema, akianza kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Wewe uko karibu na ule injinia. Niende ao nibakie?"

Mama alikuwa ameacha kunusa. Alikuwa anatusikiliza.

Nimerudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilifikiri haya, na kwa mpangilio huu, hata kama hayaniletei sifa. Nilifikiri kwamba akiondoka sasa, siku ya mahari kiti kitakuwa tupu, au tutaweka mtu mwingine ambaye mdogo wangu hamjui, na wale shangazi watatucheka kwamba hata baba wa kuazima ametukimbia. Nilifikiri juu ya ahadi yangu kwa injinia. Nilifikiri kwamba huenda wakubwa watabadili mawazo. Juu yake yeye nilifikiri mwisho.

"Bakia, papa," nikasema. "Kazi iko."

Akanishika bega, akaenda kumwambia mke wake achukue pakiti mbili kubwa. Jioni hiyo, nilikuja kusikia baadaye, alimpigia shemeji yake akamwambia wampe mwingine ile kazi.

Ndiyo maana kule Newburg, alipowaambia watu wa mume kwamba watoto wake hawamfichi kitu, injinia alinitazama. Alikuwa amemsikia mzee anaitwa baba siku nzima. Alikuwa ameona mdogo wangu anapiga magoti mbele ya mzee kuulizwa kama mahari ipokelewe au irudishwe, na machozi yake yalivyodondoka kwenye viatu vya mzee yule alipoitikia kwamba ipokelewe. Njiani kurudi Columbus, mzee na mkewe walipitiwa na usingizi kiti cha nyuma. Injinia ndiye aliyekuwa akiendesha, na tukafika Cincinnati. Halafu akauliza, polepole asiwaamshe, kwa nini nilimwambia ni mtu wa kanisa tu. Nikasema alikuwa ni mtu wa kanisa pia. Hakuniuliza tena, na redio hakuiwasha.

Sitaki kumlaumu. Alisema baadaye kwamba kama angejua angejaribu kumpatia mzee muda. Labda. Hata hivyo aliyeulizwa dukani hakuwa yeye.

Mashine zilianza kuzimwa baada ya wiki kadhaa. Injinia alizizima moja moja, akingoja na kutazama vipima joto kabla ya kugusa inayofuata. Ukumbi ulibadilika. Kwa mara ya kwanza tulisikiana bila kusogeleana. Kwenye njia ya baridi tulivua sweta, maana aligundua kwamba kompyuta haziumii kwenye hali ambayo sisi wenyewe tunaiona ya kawaida. Kwenye njia ya joto, nyuma ya mapazia, ilikuwa kama kuingia chumba ambamo mtu amepika tangu asubuhi. Wageni waliletwa kuangalia. Injinia aliwaambia, akininyoshea kidole, kwamba ni huyu aliyeziba. Walinipa mkono.

Mzee naye alikuja kuangalia. Aliweka kiganja kwenye mashine iliyozimwa, moja ya wale wake wenza. Ilikuwa baridi kwa namna nyingine, baridi ya chuma tu. Alionekana kujivunia, kama mtu aliyesaidia kujenga. Kisha aliniuliza, kwa sauti ya kawaida, ni ngapi zitabaki. Nikamjibu zitabaki za kutosha.

Ijumaa iliyofuata waliitwa ofisini, yeye na wenzake wawili. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye kikombe, viatu na redio yake ndogo. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kupokelea mizigo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Alinitangulia.

"Usilie," akasema. "Hawa ni bakubwa, hata wewe hungejua. Shika kazi, mtoto wangu. Donc, angalau mmoja wetu amebaki ndani."

Nilimwacha anifariji kwa jambo nililolifanya mimi, na nikamfungulia mlango.

Kule Tonawanda nafasi ya stoo ilikuwa imeshachukuliwa. Iliyobaki kwenye mji ule, kwa mtu wa umri wake asiyekuwa na Kiingereza cha kutosha, ilikuwa ya kiwanda kingine, ya kusimama karibu na tanuri wanakoyeyushia vyuma. Walihama wakati wa theluji. Nilisaidia kufunga vyombo. Mama alifunga vyungu vyake kwa magazeti na hakuongea nami sana, lakini siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, nikajidanganya kwamba ni hilo.

Nilifanya nilichoweza, na nakiandika hapa ingawa hakikufika popote. Kituo kilipoanza kuleta kompyuta mpya zinazopozwa kwa maji, mabomba yakipita hadi ndani ya kila moja, nilijua watahitaji watu wa mabomba. Mzee alikuwa fundi bomba kule kwetu Kongo, Uvira, maisha yake yote kabla ya vita. Nilikwenda kwa injinia, nikamwambia safari hii kwamba ni baba yangu. Alipigania jina lake. Nilimsikia kwenye simu, anachanganya Kiswahili na Kiingereza akiwa amekasirika. Kampuni ya mabomba ilitaka cheti cha hapa Amerika na mtihani wa maandishi kwa Kiingereza. Ikaishia hapo. Sikuwahi kumwambia mzee, kwa sababu kumwambia kungekuwa kuomba asante.

Mwaka huu mdogo wetu wa mwisho, ambaye amemaliza shule na anasaidia wagonjwa hospitalini, alileta mchumba nyumbani. Kijana mzuri, Mkongo mwenzetu, mwenye heshima. Walipoondoka wageni, mdogo wangu alianza kuosha sahani, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha, akiniita yaya, dada mkubwa: "Yaya, papa wa Buffalo atakuja kuketi, ndiyo?"

Nikasema nitakwenda kumwuliza. Hilo halikuwa jambo la kuulizia kwenye simu, na tena sikuweza kumwomba aketi mara ya pili huku bado anadhani nilikuwa sijui. Kuna kiasi cha kumtumia mtu, hata kama anakupenda.

Nilichukua basi kupitia Cleveland. Shemeji yake alinipokea Buffalo na kunipeleka Tonawanda, kwenye nyumba ya mbao iliyo mbele ya viwanda. Mama alinikaribisha, akaniwekea kiti karibu na dirisha. Mzee alirudi alasiri. Alikuwa amepungua. Nyusi zake zilikuwa zimeungua ncha, na ngozi ya mikono ilikuwa na madoa madogo meusi pale cheche zilipoangukia. Alikunywa maji glasi mbili akiwa amesimama ndipo akanisalimu vizuri, akauliza habari za kila mtu, nikamtajia na mchumba wa mdogo wetu, akaulizia mpaka injinia. Akauliza kama wale wake wenza bado wamelala. Nikamwambia wameondolewa kabisa, wamepelekwa kwa watu wa vyuma chakavu. Akacheka kidogo.

Tulipomaliza kula nilimwambia. Nilimwambia yote: ofisi, mlango uliofungwa, nilivyosema ni mtu wa kanisa, nafasi ya kudumu, duka. Sikulia, kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anifariji tena.

Alisogeza sahani yake kando. Kisha akauliza swali moja tu.

"Injinia alikuambia mbele ya ile siku nilikuuliza dukani, ao nyuma yake?"

"Mbele, papa."

"Alikuuliza nami nikiwa pale," mama akasema kutoka kwenye sinki, bila kugeuka. "Nilikuwa na ndagala mkononi. Uliposema bakia, nikasema moyoni, huyu anajua kitu. Nikamwambia baba yako usiku ule. Alinikataza kumsema vibaya mtoto."

Mzee alimnyoshea mkono anyamaze, lakini tayari lilikuwa limetoka. Akatazama viganja vyake.

"Mtoto wa kuzaa angeniambia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Niliinamisha kichwa. Mama alifunga bomba la maji. Nje lori lilipita na vyombo vikatetemeka kabatini.

Baadaye mzee akauliza ni tarehe gani. Sikuelewa.

"Mahari ya mdogo," akasema. "Ulikuja kwa hiyo, hapana?"

Nikamjibu kwamba nilikuja kwa hiyo, na kwamba simwombi tena, na kwamba nitatafuta mtu mwingine. Akatikisa kichwa. Alisema mdogo wetu hajamkosea mtu. Alisema akishaketi kwa mmoja ataketi kwa wote, na kwamba ataomba ruhusa kiwandani, na wakimnyima atakuja hivyo hivyo. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipomaliza kusema.

"Ile nitaifanya kwa ajili yake," akasema. "Mambo yetu na wewe bado."

Nilimwuliza nifanye nini. Niliuliza kama mtu anayetaka kupewa kazi, nipige magoti wapi, nizibe tundu gani, maana hilo ndilo ninaloliweza. Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. Mama naye aligeuka kumsikiliza.

"Sijui bado," akasema mwishowe. "Nikijua, nitakuita."

Aliamka mapema kunisindikiza mpaka kituo cha basi, akanibebea mfuko, akangoja mpaka basi liondoke. Siku ya mahari tumeipanga, na nimeshamtumia tarehe na tiketi yake. Alijibu kwamba vimefika. Kwa lile la kwetu wawili, bado hajaniita.